Mashine ya Nje Niliyoifungia Ndani

Wadogo zangu wa atelie yetu ya mashine za baridi, tangu niwaachie funguo nimeshinda nyumbani siku nyingi mfululizo, na sijachoka hata kidogo. Aliyechoka ni Mama Sifa, mke wangu. Juzi aliniletea daftari na kalamu, akaviweka juu ya meza na kusema, "Papa Sifa, kama ungali na maneno mingi hivi juu ya baridi, andika. Karatasi haina masikio." Basi naandika. Mkiona nimeingiza habari za mboga katikati ya habari za gesi, mjue niko karibu na jiko.

Mnanifahamu. Wenzangu wakisikia kazi imetokea mbali wanauliza italipa nini. Mimi nilikuwa nauliza kama nitarudi kulala kwangu. Mji wote wa Baraka ulijua hivyo, na wengine walinitania kwamba mimi ndiye klima ya kweli, ile mashine ya kupoza chumba, nimepigiliwa ukutani sitoki. Walikuwa na haki. Ila ndani ya hizo kuta nne nilikuwa na moto wa kazi ambao hata leo, nikisikia kompresa inaanza kunguruma mahali, nasimama barabarani kama mtu aliyeitwa jina.

Siku yangu ya kwanza sikupewa bisibisi wala koleo. Mwalimu wangu alikuwa Muzee Nestori, Mrundi aliyekuja kama mkimbizi, asubuhi analima mihogo yake, mchana anatengeneza frigo za watu. Kazi ya baridi aliijua tangu kwao, katika depo moja ya bia. Alinipeleka kwenye biro ya mfanyabiashara mmoja karibu na bandari, mahali alipokuwa ametoka kufunga klima ya dirisha, ile ya sanduku moja linalochomekwa ndani ya tundu la ukuta, nusu yake ndani na nusu nje.

"Weka mukono hapa mbele," akaniambia. "Unasikia nini?"

"Baridi, Muzee."

"Sasa zunguka nje, weka mukono nyuma yake."

Nikazunguka. Hewa ya moto ikanipiga usoni kama nimefunua sufuria.

"Moto, Muzee."

"Hiyo moto, kabla ya kufika huko ilikuwa wapi?"

Nikaweka tena mkono kwenye moto. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimesoma fizikia, na bado nilikuwa natafuta jibu kwa mkono.

"Ilikuwa ndani ya chumba," akasema. "Baridi haitengenezwe, kijana. Siye tunahamisha joto. Tuko babebaji. Ukimuona fundi anasema anatengeneza baridi, ujue hajui anabeba nini wala anaupeleka muzigo wapi."

Nikatingisha kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuja kuelewa baada ya miaka mingi sana, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Hiyo klima ya dirisha msiidharau. Haina bomba la kuunganisha, haina gesi ya kuongeza siku ya kuifunga. Watu wawili wanaibeba, wa tatu anatoboa ukuta, jioni mmemaliza. Lakini inapiga kelele kama pikipiki iliyopoteza eksozi, na lile tundu la ukuta halizibiki vizuri hata ufanye nini. Kwenye ile biro ya bandari, nyuma ya ukuta bamama walikuwa wanaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Wiki moja baada ya siku hiyo, mwenye biro alikuja kumlalamikia Muzee Nestori kwamba baridi yetu inanuka samaki. Muzee akamjibu kwamba hiyo ni baridi ya Baraka, kama anataka ya Ulaya aagize.

Halafu ikaja ile ya magurudumu. Mnaijua: inasukumwa kutoka chumba hadi chumba kama gari la mtoto, na mgongoni ina bomba pana kama mkonga wa tembo. Kazi ya huo mkonga ni kutoa joto nje kupitia dirishani. Mnunuzi mmoja wa dhahabu kule Misisi alinunua moja, akatuma watu kuniita, eti imeharibika, badala ya kuleta baridi inaleta joto. Nilipanda pikipiki kwa manung'uniko. Ile barabara mnaijua. Matope yalinifika magotini mara mbili, na mara ya pili nilikuwa bado nimekaa juu ya pikipiki. Nafika, naingia chumbani kwake, nakuta dirisha limefungwa kwa misumari na mkonga umeingizwa chini ya kitanda.

"Patron," nikamuuliza, "hii joto unaifichia nani chini ya kitanda?"

"Fundi, nikifungua dirisha batu banaona mizani yangu."

"Na wewe unalala wapi?"

"Juu ya kitanda."

"Basi unajichoma kama muhogo."

Nilicheka mpaka na yeye akacheka. Tukatoboa tundu juu kabisa ya ukuta, karibu na bati, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, tukautoa mkonga hapo. Ile habari niliisimulia kwenye arusi, kwenye matanga, hata kwa watu ambao hawajawahi kuiona klima. Niliisimulia kwa miaka. Mtu akinikaribisha chai, nampa mnunuzi wa dhahabu na mkonga wake.

Ya kwenye plafon, darini, nilifunga moja tu. Ni sanduku la mraba linalokaa juu ya vichwa vya watu na kupuliza pande nne, kitu kizuri sana, linafaa ukumbi mkubwa. Tatizo ni kwamba linataka plafon yenye nafasi juu yake, na kwetu nafasi ya juu ya plafon ina wenyewe. Nilipotoa kipande cha kwanza, popo walitoka wengi mpaka nikashuka ngazi bila kuikanyaga. Tangu siku hiyo, mteja akiniambia anataka ya plafon, nilikuwa namuuliza kwanza kama amekubaliana na wapangaji.

Sasa nifike kwenye mpenzi wangu. Siku niliyofunga klima ya vipande viwili kwa mara ya kwanza, kimoja ndani ukutani na kingine nje, katikati yao mabomba mawili ya shaba, moja jembamba na moja nene, niliiwasha nikangoja kelele. Hakuna. Nikafikiri imekufa. Nikaweka mkono mbele yake, baridi ikaniingia mpaka kwenye kwapa. Kelele yote ilikuwa imebaki nje na kile kipande chake, ndani watu wanaongea kwa sauti ya kawaida. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Sifa kwamba leo nimeona mashine yenye adabu.

Baadaye zikaja zile za kompresa inayojipimia mwendo, na hapo nilitaka kuanza kazi upya. Zile za zamani zinaanza kwa kishindo: taa zinafifia nyumba nzima, jenereta inakohoa, betri za jua zinakata tamaa. Hii mpya inaanza polepole kama mzee anayeinuka kwenye kiti, inapanda kadiri ya joto la chumba, na chumba kikishapoa haizimi, inapunguza tu. Kwa sisi ambao kuran yetu, yaani umeme, inatoka kwenye pano za jua na jenereta ndogo, hiyo ni kama mwenye kiu kupewa mto. Nilikaa mbele ya ya kwanza na chombo cha kupima kuran mkononi, nikiangalia namba zinapanda moja moja, na mwenye nyumba akauliza kama niko salama.

Vyombo msivipuuze. Pampu ya kutoa hewa kwenye mabomba muitumie kila mara, hata mteja akiwa na haraka, hata nyinyi wenyewe mkiwa na njaa. Yule anayefungua gesi kidogo ili isukume hewa nje na kusema yatosha, anamuachia mteja maji ndani ya bomba na anajiachia mwenyewe aibu. Mdomo wa bomba mkishaupanua, muupake mafuta kabla ya kukaza. Povu la sabuni kwenye kila ungio, muone kama gesi inavuja. Na kipande cha ndani kilalie kidogo sana upande wa bomba la maji, mpime kwa nivo, kile kipimo chenye povu la maji, si kwa jicho. Jicho langu mimi limewahi kumwagilia maji kitanda cha bwana arusi.

Sasa habari za kule Nundu.

Docta mmoja, kijana mrefu mwenye mwendo wa haraka, alikuwa amefungua kliniki yake ndogo upande huo. Alikuja Baraka mwenyewe kunitafuta, akakaa kwenye benchi la atelie, akafungua shati vifungo viwili kabla ya kusema neno.

"Papa fundi, chumba yangu ya kupasulia iko chini ya bati. Nikivaa nguo za kazi, na ile taa juu ya kichwa, jasho inaingia machoni. Siku moja itadondoka ndani ya kidonda. Nimebaambia bamama: kama hii joto haitoke, mi sipasue tena hapa. Batapanda pikipiki mpaka Baraka."

Ile njia ya kutoka Nundu kuja Baraka mimi mwenye tumbo la ugali tu inanitesa. Mwanamke mwenye uchungu, sikutaka hata kumfikiria. Nikamwambia tuanze kuchagua sasa hivi.

Alikuwa na picha kwenye simu. Alitaka ile ambayo kipande kimoja cha nje kinalisha vipande vitatu vya ndani, kimoja chumba cha kupasulia, kimoja labo ya vipimo, kimoja duka la dawa. Nikamwambia ni nzuri pale ambapo nje hapana nafasi, lakini siku ile moja ya nje itakapougua, vyumba vyote vitatu vitaugua nayo. Ya dirisha je? Itamletea vumbi la barabara juu ya tumbo la mtu. Ya magurudumu? Inakaa chini katikati ya miguu ya watu, na ule mkonga wake unatoa hewa ya chumba, kwa hiyo hewa chafu ya korido inaingia chini ya mlango kujaza mahali pake. Ya plafon, nikamwambia habari za popo. Tukabaki na ya vipande viwili, ya kompresa inayojipimia, moja tu, kwa chumba cha kupasulia. Labo na duka la dawa vingoje zamu. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyechaguliwa mchumba.

Siku ya kufunga nilitoka Baraka asubuhi na mapema, na Mama Sifa alinipa sababu ya kurudi: samaki wawili wakubwa, mukeke, alisema atawapika mchana. Mpaka saa tano kipande cha ndani kilikuwa ukutani. Nikauliza ile ya nje tunaiweka wapi.

"Depo," akasema Docta.

"Docta, inaitwa ya nje."

"Hapa? Hapa baliiba pano mbili na waya yake. Baliiba mufuniko ya kisima. Ukiiweka nje, kesho utaiona sokoni."

"Inahitaji kupumua."

"Depo iko na matundu juu, karibu na bati. Haitoshe?"

Ile depo ilikuwa chumba kidogo cha kuwekea vitu, kilichopakana na chumba cha kupasulia, ukuta wake mmoja ukitazama nje. Matundu yenyewe yalikuwa manne, mkono wa mtoto haupiti. Nilijua jibu. Wadogo zangu, nilijua. Nilikataa mara moja tu. Lakini mwenye pikipiki alikuwa anapiga honi, na katika akili yangu wale mukeke walikuwa wameshageuzwa upande wa pili. Nikasema sawa, tuweke depo.

Nikaiwasha. Mlango wa depo ulikuwa wazi kwa sababu ya kuingia na kutoka kwetu, kwa hiyo joto lilipata njia, na chumba cha kupasulia kikapoa vizuri kabisa. Docta akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikaondoka. Nyuma yangu wakafunga depo kwa kufuli, kama kila mtu mwenye depo anavyofanya. Samaki niliwakuta bado ni moto.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Papa fundi, baridi yako imegeuka," akasema Docta. "Kuja sasa hivi."

Nilifika Nundu jua likiwa limepanda. Mkunga wake, Mama Feza, mwanamke mfupi asiyecheka na mtu kwanza, akanifungulia depo. Ile hewa ilitoka ikanisukuma. Mishumaa ndani ya katoni ilikuwa imeinama yote upande mmoja. Sabuni zilikuwa zimeshikana, ndoo ya plastiki imelegea mdomo. Katikati, kipande changu cha nje kimenyamaza, kinawasha na kuzima taa yake nyekundu. Nilikuwa nimeifungia mashine kwenye joto lake lenyewe, ikakaza mpaka ikajizima isife, na joto lote likarudi kwa jirani yake, chumba cha kupasulia, kupitia ukutani. Nikamkumbuka mnunuzi wa dhahabu. Yeye alificha mkonga mmoja chini ya kitanda. Mimi, fundi, nilificha mashine nzima. Nikatafuta mtu wa kumcheka. Ndani ya depo nilikuwa peke yangu.

Docta akaja nyuma yangu.

"Kuna mama pale, alishapasuliwa mara mbili akizaa, sasa uchungu imeanza. Nilipanga nimupasue saa sita. Chumba iko kama tanuri. Niambie ukweli: itapoa, ama ninamuitia pikipiki aende Baraka kabla uchungu haijakaza?"

Saa ilikuwa saa nne na dakika kadhaa. Kung'oa mashine, kukusanya gesi, kurefusha mabomba, kutoa hewa upya: nusu siku. Nikaangalia feni ya mashine. Ilikuwa inatazama ule ukuta wa nje, kwa umbali wa mkono mmoja.

"Docta," nikasema, "nipe ruhusa nikuvunjie nyumba."

Akaangalia ukuta wake, rangi ya bluu mpya kabisa. Akafumba macho kidogo.

"Vunja."

Nikazima kuran, nikaifunika mashine kwa gunia la plastiki isile vumbi. Mama Feza akatandaza mashuka yaliyolowa maji chini ya mlango wa chumba cha kupasulia. Nikashika nyundo na tindo, mtu ambaye kwa kawaida nasumbuliwa na kazi ya kupigilia msumari mmoja nyumbani. Matofali ya kuchoma ni magumu yakitaka. La kwanza lilikataa katakata. Nilipiga mpaka miwani yangu ikawa nyekundu kwa vumbi.

Kutoka chumba cha pili ikatoka sauti ya mwanamke, imekatika katikati kwa maumivu, halafu ikaendelea.

"Mama Feza, nani anapigapiga hivyo?"

"Ni fundi wa baridi."

"Analeta baridi na nyundo?"

"Muache afanye kazi yake. Na wewe pumua."

"Mwambie afanye mbio. Tutaona nani anamaliza wa kwanza."

"Nimesikia, mama," nikapaza sauti kupitia ukutani. "Nakuomba unipe nafasi."

"Sikupi," akasema. Mama Feza akacheka, na mimi nikapiga tofali la pili.

Lilipoanguka nje, mwanga ukaingia ndani ya depo kama mtu aliyekuwa anangoja mlangoni. Baada ya hapo mengine yalikuwa yanafuata. Nikapanua tundu mpaka likatosha uso mzima wa feni. Kisha nikatoa mlango wa depo kwenye bawaba zake, ili mashine ivute hewa nyuma na kuipuliza nje mbele. Lile tundu liko pale hata leo; baadaye tulilipigilia vyuma vya duara vinene, na mlango ukabadilishwa kwa wavu wa chuma. Mwizi akiitaka ile mashine, itabidi abebe na depo.

Nikatoa gunia, nikasafisha mapezi, yale mabati membamba ya mgongoni mwake, kwa burashi ya meno, nikarudisha kuran. Taa nyekundu haikuwaka tena. Feni ikazunguka, kompresa ikaanza kwa ile sauti yake ya chini ninayoipenda, ikapanda kidogo, ikapanda tena. Nikashika lile bomba nene. Vuguvugu. Nikalishikilia kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Halafu likaanza kupoa, halafu likatoa jasho, matone madogo madogo ya maji juu ya vidole vyangu, na nikajua. Nikakimbia nje. Joto lilikuwa linatoka kwenye tundu, zito, linanuka mishumaa na sabuni, linaenda zake upande wa mashamba, na mimi nikasimama mbele yake nikilisindikiza kwa macho. Babebaji, alisema Muzee Nestori. Siku ile ndiyo niliona kwa macho yangu mzigo na mahali unapokwenda.

Dakika kumi na tano kabla ya saa sita Docta aliingia, akasimama katikati ya chumba, akatoka, na kufunga kifungo cha shati shingoni. Walimpitisha yule mama mbele yangu kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake.

"Fundi, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi na mimi niende nimalize."

Nikabaki nje, nimekaa juu ya matofali niliyoyavunja, vumbi mpaka kwenye kope. Mashine ilipuliza bila kukatika. Kila ilipobadilisha sauti kidogo, na mimi nilibadilisha kukaa. Mwenye pikipiki alikuja kuniuliza kama tunarudi Baraka. Nikamwambia angoje kwanza. Hakuwahi kunisikia nikisema hivyo.

Mlango ukafunguka. Mama Feza akatoa kichwa, kitambaa mdomoni.

"Papa fundi, zima."

Nikasimama. "Imegeuka tena?"

"Hapana, iko vizuri. Iko vizuri kupita. Docta yuko mukavu, mi mwenyewe natetemeka. Lakini mutoto anatoka sasa, na mutoto hapendi baridi. Zima mbio."

Ile rimoti ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Niliitoa, nikaielekeza kupitia ule mlango uliofunguka kidogo, na nikabonyeza. Mashine ikapunguza pumzi yake, ikanyamaza, na katika ule ukimya nikamsikia mtu mpya wa Nundu analia.